Wimbo wa Foleni ya Sukari

Kwa miaka mingi nimelikana jambo hili mbele ya wakubwa na wadogo, na leo nalikubali: wimbo wa foleni sikuutunga mimi.

Siku yangu ya kwanza kazini, chekechea ya Kigera, Musoma, nilikuwa na cheti kipya, andalio la somo (karatasi inayopanga dakika kwa dakika utafundisha nini) na sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Ala hatukuwa nazo. Sukari ilitolewa kwa zamu kwenye duka la kaya, lile la mgao wa serikali, na hakuna mtoto ambaye hakuwahi kusimama foleni na mama yake.

Nikiwa naandika ubaoni, nyuma yangu kikaanza kishindo. Bhoke, msichana wa miaka sita, alikuwa amewapanga wenzake mstari. Mmoja anapiga kopo la mafuta, mwingine anakwaruza beseni kwa kijiti. Bhoke anaimba, "Sukari ipo?" Marwa, aliyejifanya mwenye duka, anajikuna tumbo na kujibu, "Hakunaaa!" Mstari mzima unarudi nyuma hatua tatu, mabega yakicheza.

Nilinyanyua kidole niwanyamazishe. Kumbe mlangoni amesimama Mkaguzi wa Shule, bwana ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Siku hiyo tuliyaona, nami nikageuza kidole kuwa makofi.

"Nani katunga haya?"

"Mimi, mzee."

"Kwa makopo haya?"

"Ndiyo, mzee. Ni mbinu."

Mbinu hiyo ilinipeleka Bunda, Manyamanyama, kuwaelekeza walimu wenzangu juu ya mchezo huria, yaani mtoto anapewa vitu, hapewi maelekezo. Niliandika maelekezo kurasa nne. Watoto wa huko hawakuyasoma. Wakati huo biashara ilikuwa imeachiwa huru, maduka yamejaa, nao wakageuza kiitikio wenyewe: "Ipo! Hela je?"

"Madamu," Mratibu wa Elimu akaniambia, "wimbo wako unakua bila wewe."

Nilicheka, nikauandikia tasnifu, nikapewa digrii.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Butiama. Nilipostaafu, walimu vijana waliniomba nikusanye nyimbo zetu kitabuni. Kwenye wimbo wa kwanza, mbele ya neno "Mtunzi", nilikwama siku tatu. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto muziki, na ujuzi pekee niliouhitaji ulikuwa kukaa pembeni. Nao nimeupata baada ya kustaafu.

Nikatafuta namba ya Bhoke, ambaye sasa anauza dagaa Nyakato. Nikampigia, nikaungama yote.

Kicheko kikaja mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Mwalimu! Ulidhani hatujui? Ulivyosema 'mimi', Marwa alijikojolea kwa kucheka."

"Nisamehe, mwanangu. Niandike jina lako?"

"Langu peke yake? Haa! Na mpiga kopo je? Andika wote."

Akanitajia majina saba, polepole, akisubiri nimalize kila moja.

"Na mimi, Bhoke?"

Akafikiri.

"Haya, weka na lako. Lakini la mwisho, mwalimu. Makofi ulikuwaga unapiga vizuri."