Gari la Kushushwa

Juma lililopita, kwenye duka la vipuri hapa Kigoma, dereva wa teksi aliomba springi fupi na shokapu zake ili gari lake lishuke. Duka zima likacheka. Kwa barabara zetu za kwenda kambi za wakimbizi, kila mtu hutafuta springi ndefu.

"Kaka, unataka kulima barabara kwa tumbo la gari?" muuzaji akauliza.

Dereva akatoa kamba mfukoni, akaining'iniza mpaka iguse sakafu. "Kiti cha gari kisizidi hapa. Ndio urefu wa kigoda cha mama. Kakimbia Burundi akibebwa mgongoni na majirani mpaka Kagunga, upande huu wa mpaka. Anasema habebwi tena, hata kuingizwa garini."

Kicheko kikakatika. Muuzaji akaipokea kamba kwa mikono miwili.

Jioni nilipita tena. Gari lilikuwa limeshuka, na bibi, mama wa dereva, amesimama mlangoni pake. Fundi aliyelishusha akamnyooshea mkono.

"Oya," bibi akakataa kwa Kirundi. Akageuka taratibu, akakaa, akaingiza miguu mwenyewe, akafunga mlango.

Muuzaji alikuwa amevua kofia.

Najua gari lile litakwaruza kila tuta kutoka Kasingirima hadi Ujiji. Likwaruze tu.