Mkono wa Msusi

Mtaa mzima ulimwita Msusi. Kutwa alisimama nyuma ya vichwa vya watu, mikono juu, mdomo haulali.

Alipotoka hospitali baada ya kukatwa titi la kulia kwa sababu ya saratani, muuguzi alimwagiza mambo mawili: asibebe vitu vizito, na kila siku auinue mkono huo, autambaze ukutani kwa vidole hadi pale unapoweza kufika. Wifi yake, dada wa mumewe, alilishika la kwanza akalitupa la pili. Alifunga kibanda chake cha mboga akahamia nyumbani kwa Msusi. Alimwogesha, akamvalisha, akamkatia nyama vipande kama mtoto. Mkono akaufunga kwa kitambaa shingoni, eti upumzike. Msusi akiugusa ukuta tu, Wifi anaruka.

"Shusha! Nyuzi zikifumuka nitamwambia nini kaka yangu?"

Majirani walimsifu Wifi. Mgonjwa alinyamaza, maana si rahisi kumkatalia mtu anayekuogesha. Nasema wazi: ukimya ule ulikuwa kosa, na sifa zile zilikuwa kosa kubwa zaidi. Huruma isiyosikiliza humuumiza anayehurumiwa.

Kidonda kilipopona, ikaja zamu ya mionzi. Mtaalamu wa mashine alimlaza Msusi, akamwambia aupandishe mkono juu ya kichwa, aushikishe kwenye kishikizo, ili mionzi ipate njia. Mkono ulifika usawa wa bega ukagoma. Walijaribu tena, Msusi akapiga yowe.

"Mama, mkono ukiishia hapa siwezi kukutibu," mtaalamu alisema. "Nenda ukaunyooshe kidogo kidogo. Lakini usikawie. Ugonjwa huu haungoji mtu."

Nyumbani, hasira ya Msusi ilimwagika.

"Umenifunga kama mzigo wa kuni, wifi yangu!"

"Mimi? Niliyekusugua mpaka visigino? Leo nimekuwa mchawi?"

"Afadhali mchawi, ningemkimbia!"

Mumewe, fundi seremala, alicheka, kisha akaona macho ya dada yake, akakumbuka kwamba ana kazi nje. Wifi alikwenda kulia jikoni. Aliporudi alikuwa na kitana na kigoda. Akafumua nywele zake.

"Haya. Nisuke."

Kwanza Wifi alikaa sakafuni, Msusi akasimama nyuma yake. Siku zilizofuata akahamia kwenye kigoda, kisha kwenye kiti, kisha kwenye kiti chenye mito, na mkono wa Msusi ukalazimika kukifuata kichwa. Msusi alipoguna kwa maumivu, Wifi aliuma midomo, asigeuke. Mistari ilikwenda upogo kama njia ya mlevi. Wifi alifungua tena kibanda chake, akauza mboga na kichwa kile kile.

"Nani kakufanyia ubaya huu?" mteja mmoja aliuliza.

"Fundi wangu. Nyanya unachukua, huchukui?"

Waliporudi hospitali, Wifi alibaki kwenye benchi la nje. Ndani, Msusi alilala, akavuta pumzi, akaupandisha mkono. Penye bega aliuma meno. Mkono ukapita, ukatua kwenye kishikizo. Mtaalamu alimwambia asitikisike, akatoka, mlango ukafungwa, mashine ikaanza kuunguruma.

Msusi alipotoka, Wifi alisimama, mikono nyuma.

"Mkono umefika?"

"Umefika. Nishikie mkoba, wifi, bega linawaka moto."

"Omba vizuri."

"Tafadhali, mheshimiwa."

Wifi akachukua mkoba, wakaenda kuuliza zamu yao ya kesho.