Jina la Katikati la Hester

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Hester Sugden alisugua kibao cha shaba mlangoni kwa Bwana Lockwood mpaka jina hilo ling'ae. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa.

Jumatatu moja alikwenda kanisani kuulizia tarehe yake ya kuzaliwa, maana alikuwa anaolewa. Karani akafungua daftari la ubatizo, akasoma: "Hester Lockwood Sugden. Baba hakutajwa."

"Lockwood? Limeingiaje hapo katikati?"

"We Hester, usijifanye mgeni! Hapa kwetu Yorkshire mtoto wa nje hupewa katikati jina la ukoo wa baba yake. Marehemu mama yako alikuwa mjanja, bibie. Alimtaja bila kumtaja."

Hester alirudi moja kwa moja nyumbani kwa Bwana Lockwood. Miaka yote hiyo amemfulia baba yake soksi, na analala darini!

Alimkuta mzee anapaka mkate siagi.

"Bwana, ulijua mimi ni nani?"

Hakuinua macho. "Nilikuwepo ukibatizwa. Chai imepoa, msichana."

Hester alivua aproni, akaibwaga juu ya ule mkate, akatoka kwa mlango wa mbele, ambao watumishi hawakuruhusiwa kuupita. Hakurudi tena.