Ukuta wa Upande wa Chini

Mume wangu alikuwa fundi wa matofali, na miaka yote ya ndoa yetu tulikaa katika nyumba za wengine. Alijenga maduka mjini Butembo. Alijenga madarasa kule Kipese, kwa wazazi wangu, na huko ndiko alikoniona kwa mara ya kwanza, nikibeba maji ya kuchanganyia udongo. Jioni alirudi kwenye vyumba vyetu viwili vya kupanga, akanawa simenti mikononi, akala bila kusema mengi. Mtu akimtania kwamba fundi hana nyumba, alicheka kidogo na kuangalia pembeni.

Hatimaye tulipata parseli, kiwanja chetu wenyewe, kwenye mteremko, si mbali na parokia. Mwenyewe wa kwanza alikuwa amechimba hapo udongo wa kufyatulia matofali, halafu akafukia shimo na kuliacha liote majani. Mume wangu alilijua hilo. Alilizunguka lile eneo siku nzima akichoma ardhi kwa fimbo ya chuma.

Vita vilikuwa vimeshafika. Waasi walitawala mji, kisha waasi wengine wakawafukuza wale, na sisi tulijifunza kuuliza kila asubuhi nani anakaa kwenye bariera, pale barabara inapozuiwa. Simenti ilitoka Uganda kwa njia ya Kasindi, na barabara ikifungwa, haikuonekana hata mfuko mmoja. Katikati ya hayo yote, mwenye nyumba alikuja kutuambia kwamba kuna ofisa mmoja anavitaka vyumba vyetu kwa familia yake, na kwamba mvua zikiisha tuwe tumetoka.

Basi mume wangu alianza kujenga, Jumapili baada ya misa na siku ambazo hakuwa na kazi ya watu. Alipochimba msingi, upande wa juu alifika upesi kwenye udongo mgumu. Upande wa chini alichimba mpaka kiunoni, na jembe lilikuwa bado linaingia laini kama katika shamba la viazi. Akaniita nione. Alisema anahitaji wiki moja tena, labda mbili, na mawe mengi zaidi.

Nilikuwa nimesimama pale na mtoto mgongoni, nimechoka, nikifikiria ofisa na vyombo vyetu barabarani. Nilimwambia, "Watu wote unabajengea haraka. Ni sisi tu benye kungojea?"

Kesho yake aliacha kuchimba, akaanza kupanga mawe.

Ukuta ulipanda vizuri. Mistari yake ilikuwa imenyooka hata wapita njia walisimama kuitazama. Ulipofika usawa wa madirisha, alipata kazi Beni, kujenga depo ya kuwekea bidhaa za mfanyabiashara mmoja, pamoja na mafundi wengine watatu. Alifunika ukuta wetu kwa majani ya migomba, akaweka mawe juu yake ili upepo usiyapeperushe, akaondoka. Kwa wiki kadhaa alinitumia salamu kwa madereva. Beni kuna joto, alisema, na maembe, na watoto wangependa huko.

Walipokuwa wakirudi, lori lao lilipigwa risasi wakiwa bado hawajafika mbali na Beni. Sikujua kwa siku tisa. Barabara ilikuwa imefungwa, na mimi nilidhani kazi imechelewa. Siku ya tisa alikuja mmoja wa wale wenzake watatu, rafiki yake aliyefanya naye kazi tangu ujana, anachechemea, amebeba mfuko wa mume wangu pamoja na wake. Aliingia uani akakaa kwenye jiwe kabla hajakaribishwa. Alinitaka nami nikae. Nilibaki nimesimama, kwa sababu nilikuwa nimeshauona mfuko.

Walimzika Beni, aliniambia. Hakukuwa na njia ya kumleta. Katekista aliwasaidia na sala, na waliweka msalaba wa mti.

Tulifanya matanga bila maiti. Mama mkwe wangu alikuja na mkeka wake, na matanga yalipokwisha hakurudi kwake. Na yule ofisa hakufika kamwe. Alihamishiwa Kirumba, mwenye nyumba alisema, na sisi tungeweza kuendelea kukaa. Alilisema hilo kwa upole, akidhani ananipa faraja. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kuliko nilivyolia kwenye matanga.

Mwaka mmoja ukuta ulibaki chini ya majani. Kisha watu wakaanza kuchomoa matofali. Mama mkwe aliona pengo akiwa anatoka misa, akaniambia kwamba tusipoijenga nyumba ya mwanawe, majirani wataibeba kidogo kidogo mpaka iishe. Nilikuwa nauza maharage ya Kipese sokoni. Wanawake wa shirika letu la parokiani waliahidi kubeba mchanga na mawe. Kilichobaki ni kutafuta fundi, na hapo ndipo nilipokosea.

Kwanza nilimwita yule mwenzake, kwa kuwa ilikuwa haki yake. Alikuja asubuhi mapema na timazi yake. Aliishusha kila pembe, akafunga jicho moja, akaangalia. Halafu aliazima jembe, akaenda upande wa chini, akachimba kando ya msingi. Alichimba muda mrefu. Mama mkwe alimletea uji, nao ukapoa.

Aliporudi alifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Shemeji, ukuta ya huku chini inaomba tuishushe. Yote, mpaka kwa majiwe. Tuchimbe upya."

Nilimuuliza kama anataka kusema kwamba rafiki yake hakujua kazi. Alisema hapana, hakuna fundi kama yeye aliyewahi kumuona. Nilimuuliza basi kwa nini anataka kuvunja kazi ya mikono yake, wakati mikono yenyewe imelala Beni. Nilisema mengine pia ambayo sitaki kuyaandika. Nilimwambia kwamba yeye alirudi na mwenzake hakurudi.

Alilirudisha jembe mahali alipolitoa, akamuaga mama mkwe, akaenda. Na mimi nilijua, wakati anateremka akichechemea, kwamba kila neno alilosema juu ya ule ukuta lilikuwa kweli. Nililijua kuliko yeye. Ndiyo maana nilikasirika.

Wa pili alikuwa fundi wa mbao. Alishauri tuache matofali pale yalipofika, juu tumalizie kwa mbao, nyumba iwe nyepesi. Lilikuwa wazo la maana, nalo pengine lingetusaidia. Nilimkatalia kwa sababu mume wangu alitaka matofali mpaka juu.

Wa tatu aliletwa na jirani. Alikuwa mtu wa maneno matamu, amevaa shati safi. Hakuwa na timazi wala hakuomba jembe. Alipiga ukuta kwa kiganja kama mtu anayepiga ng'ombe mgongoni, akasema, "Mama, bwana yako alikuwa fundi ya kweli. Hii ukuta itabeba hata etaje, ghorofa nzima."

Sikuwa nimesikia mtu akimsifu mume wangu kwa muda mrefu. Nilimpa kazi siku ileile. Mama mkwe aliniuliza kwa nini huyu na si rafiki wa mwanawe, nami nikamjibu kwamba huyu anaheshimu marehemu.

Alijenga kwa haraka. Kuta zilipita madirisha, zikafika mahali pa kuweka mbao za paa. Mvua za Septemba zilipoanza, niliona ufa mwembamba kwenye kona ya dirisha la upande wa chini. Fundi aliuziba kwa simenti, akasema nyumba mpya zote hupasuka kidogo, ni kama mtoto anaota meno. Wiki iliyofuata ufa ulikuwa umerudi, na umeshuka. Nilianza kwenda pale kila siku kabla ya soko. Niliingiza ukucha, baadaye kidole, baadaye vidole viwili. Fundi alianza kusema ana kazi nyingine, halafu akaacha kuja.

Siku moja mama mkwe alinifuata bila kuniambia. Alinikuta nimeweka mkono kwenye ufa. Aliutazama ukuta wote, ulivyoinamia bonde, akasema polepole, "Mwanangu hakujenga hivi."

Hapo nilimwambia. Nilimwambia juu ya wiki mbili alizoomba mwanawe, na neno nililomjibu, na ofisa ambaye hakuja. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu, wala hakunikumbatia. Alisema tu kwamba mvua inakuja na tuondoke pale chini. Njiani alinishika mkono kwa sababu ya utelezi, na hakuuachia mpaka nyumbani.

Kesho yake nilikwenda kumtafuta yule mwenzake. Alikuwa anajenga ukuta wa zahanati nyuma ya soko. Nilimngoja ashuke kwenye mbao alizosimamia. Niliomba radhi kwa maneno niliyomwambia, kisha nikamweleza kosa langu, nikiangalia viatu vyake vilivyojaa simenti.

Alisema, "Nilijua, shemeji. Aliniambia kule Beni."

Sikuelewa. Alinivuta pembeni, tukakaa juu ya rundo la matofali. Alinieleza kwamba kule Beni, walipokuwa wakila, mume wangu alikuwa akizungumza juu ya ule ukuta karibu kila siku. Alisema umemnyima raha. Aliwaomba wenzake wote watatu waje siku moja wamsaidie kuushusha na kuchimba upya, kabla ya paa. Jambo lililomtesa si kazi. Hakujua ataniambia vipi, kwa vile nilivyoufurahia ulipopanda.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia haya siku ile alipokuja na timazi.

"Ulikuwa unaniona mubaya," alisema. "Ungesikia ni kama ninajitetea. Na tena yeye alikataa tuseme ni wewe ulimuharakisha. Alisema, 'Ni mimi fundi. Yeye ni bibi yangu, hapana fundi yangu.'"

Tulikaa pale mpaka mwenye kazi akamwita.

Tuliushusha mwisho wa mwezi ule, yeye na wale wenzake wawili waliobaki, na wanawake wa shirika. Niliomba nitoe mimi mwenyewe matofali ya chini, yale ya mume wangu. Simenti yake ilikuwa na mchanga mwingi na ilitoka kwa urahisi. Niliyasafisha moja moja, tukayapanga kando, na yote yasiyovunjika yalirudi ukutani. Msingi ulichimbwa mpaka shingoni ndipo udongo mgumu ukaonekana. Mawe tuliyoponda wiki tatu yalimezwa na lile shimo. Nyumba ikawa ndogo kuliko alivyoipima, vyumba vitatu badala ya vinne, kwa sababu vifaa havikutosha. Tulihamia kabla ya Krismasi. Katekista wa parokia yetu alinyunyiza maji ya baraka, watoto wakagombania vyumba, na mimi nilipika nikisikia sauti zao, nikitamani mtu mmoja tu azisikie pamoja nami.

Barabara ilipotulia kidogo, mimi na mama mkwe tulipanda gari kwenda Beni. Yule mwenzake wa mume wangu alitueleza mahali: nyuma ya kanisa dogo, karibu na mti wa avoka, mparachichi. Tulipofika tulikuta mti na makaburi mengi zaidi ya yale aliyoyaacha yeye. Misalaba ya miti haikuwepo. Watu waliokimbilia pale vitani waliichukua kuwa kuni, mlinzi alituambia, na hakuwalaumu. Chini ya avoka palikuwa na vituta viwili vya makaburi, vimeshuka, vinafanana.

Mama mkwe alivitazama kwa muda. Kisha alipiga magoti kwenye kimoja akasali, akainuka kwa shida, akaenda kwenye cha pili akasali tena, sala ileile, yote kamili. Mimi nilikaa katikati. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mume wangu maneno mengi kuhusu nyumba, lakini niliona aibu kuyasema nikiwa sijui nielekee upande gani. Tulipalilia vyote viwili kwa mikono. Jua lilikuwa kali, kama alivyotuambia kwenye salamu zake. Saa nane dereva alipiga honi, tukateremka kwenda kupanda gari.