Wifi Yangu na Fimbo za Kifilipino

Mwalimu wangu wa fimbo alikuwa mwanamke mfupi kutoka Ufilipino, mke wa fundi wa mitambo aliyekuja Tanga kwa mkataba. Tulijuana kwenye meza yangu ya mitumba, Ngamiani, alipokuja kutafuta suruali za mazoezi. Alinishusha bei kwa Kiswahili cha maneno kama kumi na mawili, nikaona huyu si mtu wa kuachwa aondoke hivihivi. Nikamuuliza ni mazoezi gani hayo. Akachukua henga mbili za kutundikia nguo, akazizungusha mbele ya uso wangu, na mpaka leo sijui zilipitaje bila kuning'oa pua.

Tukapatana. Yeye achukue suruali mbili kwa bei ya moja, mimi anifundishe Jumamosi mbili. Jumamosi mbili zikawa mwaka.

Kwao mchezo huo wanauita arnis. Kila mtu anashika fimbo mbili za henzirani, ndefu kama mkono wako toka kwapani. Mnasimama uso kwa uso, mnapiga mapigo sita, na kila pigo lako linakutana na la mwenzako hewani. Ukichelewa kidogo linakutana na kidole. Tulikuwa tukicheza kwenye sakafu ya uani kwake, Raskazone, mimi na yeye tu, na kwa kweli nilikuwa nimeanza kuweza.

Halafu akaniambia mkataba wa mumewe umekwisha, wanaondoka baada ya wiki tatu.

"Nitaendelea mwenyewe," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Peke yako unapiga hewa. Miezi sita, umesahau. Tafuta mtu. Kabla sijaondoka nataka kuona watu wawili, bila mimi. Nikiona, mchezo nimeuacha Tanga. Nisipoona, naondoka nao."

"Nipe wiki nne," nikasema, kwa mazoea ya sokoni.

"Ndege haijui wiki nne."

Nilikuwa na miaka arobaini na minne, na hicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichokijua vizuri bila kukiuza. Sikutaka kukiona kinapanda ndege.

Nikaanza na mume wangu, kwa kuwa yupo na hana gharama. Anaendesha bajaji, mikono yake ni myepesi. Pigo la tatu likampata kwenye kidole gumba. Akakitazama kidole, akanitazama mimi. "Mke wangu, tumekaa miaka ishirini kwa amani. Kwa nini tuanze leo?" Akaenda kutafuta abiria.

Nikamwendea dada mmoja, askari wa ulinzi kwenye duka la jumla mtaa wa pili, aliyejifunza karate tangu shule. Huyo nilidhani nimeokota dhahabu. Ari anayo, nguvu anazo, na shida ikawa hapohapo. Mimi naanza pigo la kwanza, yeye keshafika la tatu na liko begani kwangu.

"Nimekupata!"

"Umenipata, dada, lakini mchezo wenyewe ni fimbo zikutane."

"Sasa zikikutana, nani kashinda?"

Nikainua fimbo, tukaanza upya. Baada ya siku nne mikono yangu ilikuwa na rangi ambazo hata kwenye khanga sijaziona. Nikamshukuru, tukaachana. Nikahesabu siku zilizobaki, nikarudia nikidhani nimejipunja. Kumi na moja.

Tunakaa nyumba moja na wifi yangu, dada yake mume wangu, chumba chake kinatazamana na changu. Anapika vitumbua, na mchele wake anautwanga mwenyewe kwenye kinu, kwa sababu anasema wa mashine hauumuki. Mimi na yeye tulikuwa tukisalimiana kwa kuwa ukumbi ni mwembamba. Mchana ule mwenzake wa kutwanga naye alikuwa anaumwa, akanipigia kelele kutoka uani:

"Wifi! Maadamu mikono unayo na wateja huna, njoo tutwange."

Nikashika mchi. Kinu kimoja, michi miwili. Wake unashuka, wangu unapanda. Yeye huku anamfukuza kuku, huku anamsema kaka yake, huku anaitikia salamu za wapita njia. Ndani ya kinu hakutazama hata mara moja, na michi yetu haikugusana. Nikapunguza mwendo kumjaribu. Akapunguza. Nikaongeza ghafla. Yupo. Nikabaki nimeusimamisha mchi hewani.

"Umeona nyoka?"

"Wifi, nina ombi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mtu mzima mwenzake aje kumpiga fimbo? Nikamweleza habari ya ndege na mwalimu. Akafuta machozi, akaniangalia sana.

"Nusu saa ya fimbo kila siku," nikasema.

"Nusu saa ya kutwanga kwanza."

"Robo."

"Nusu. Na kinu unaosha wewe."

Mimi ninayewashusha bei wenye mabelo ya mitumba mpaka wanaapa, nikakubali.

Siku nne za mwanzo tulikuwa vichekesho. Majirani walileta vigoda. Mimi nilihesabu kwa sauti kama mwalimu, moja, mbili, tatu, na kila tukifika nne wifi anapotea. Siku ya tano akaweka fimbo chini.

"Unahesabu nini? Unadhani nitakuibia pigo?"

"Mwalimu ndivyo anavyofundisha."

"Mwalimu hatwangi mchele. Nyamaza usikie."

Kwangu lilikuwa jambo zito. Chenji yangu naihesabu mara mbili hata nikirudishiwa na mama yangu mzazi. Lakini nikafunga mdomo. Tukaanza, na kweli fimbo zilikuwa na sauti yao, ta-ta, ta-ta, ta-ta, na mkono ukawa unajua wapi pa kwenda kabla yangu. Tukamaliza mzunguko mmoja. Tukamaliza kumi. Baada ya hapo sijui ilikuwa mingapi, na sikuona kama nimepunjika.

Jumamosi ya mwisho tukaenda Raskazone, tumevaa madira na vibwebwe tumekaza. Barazani maboksi yalikuwa yamekwisha fungwa.

"Shikamoo, mwalimu," wifi akasema.

"Marahaba." Akamtazama juu mpaka chini: mwanamke mpana, mikono ina alama za mafuta ya moto. "Huyu? Amejifunza siku ngapi?"

"Kumi," nikajibu kwa sauti ndogo.

"Na miaka thelathini ya mchi," wifi akaongeza.

Tukasimama. Mwalimu akasema anzeni.

Tukaanza taratibu. Akatuzunguka. Akasema haraka, tukaenda haraka. Akapiga makofi nje ya mdundo kutuvuruga. Tukapita katikati ya makofi yake. Akalisukuma boksi kwa mguu likaanguka kwa kishindo, nami nikahisi bega langu linataka kugeuka, lakini fimbo ya wifi ilikuwa tayari inaisubiri yangu.

"Jirani yangu akipigana na mumewe huwa siachi kutwanga," wifi akamwambia mwalimu, bila kukosa pigo, "itakuwa boksi?"

Na hapo ndipo akafanya jambo ambalo hatukukubaliana. Katikati ya mwendo aliitupa fimbo ya kulia juu, akapiga kofi pajani, akaidaka na kuipeleka mahali pake, kama wanavyofanya wanawake kinuni mikono ikishapata moto. Fimbo yangu ikaikuta pale pale. Sikuamini. Akarusha tena. Nami nikarusha yangu. Ikarudi mkononi!

"Basi!" Mwalimu akakaa juu ya boksi. Mimi jasho linaniingia machoni siwezi kulifuta, nimeshika fimbo mbili.

"Mchezo nimeuacha Tanga," akasema.

Wifi akapiga kigelegele kilichofika baharini. Mwalimu akainuka, akatafuta fimbo zake. "Hicho cha kurusha. Nifundisheni. Nataka kwenda nacho nyumbani."

Fimbo yake ikaanguka mara nne. Mara ya tano akaidaka, tukapiga kelele watatu mpaka mlinzi wa nyumba ya pili akachungulia getini.

"Kuna nini? Nani anapigwa?"

"Hapigwi mtu, kaka," wifi akamjibu. "Mwalimu anajifunza."

Na mwalimu, bila kugeuka, akairusha tena.