Nilivyokwenda Shinyanga na Gunia Kumrudisha Mchekeshaji

Nilifunga safari kwa sababu ya barua. Ilitoka kwa mkuu wa chuo cha ualimu anakosoma mwanangu Masunga, kule Shinyanga, na katekista alinisomea mara mbili ili nisikie vizuri jinsi kijana wangu anavyolitumikia taifa: mchana anasoma Hisabati, jioni anachekesha watu. Ameunda hadi kundi. Mkuu aliniomba niende tuzungumze kama aendelee na vichekesho au aviache. Mimi niliamua palepale: ataacha vyote, chuo na vichekesho. Mashine yangu inahitaji mtu, na kama ni kuchekesha, wateja wapo.

Kwa wasionijua, kama wapo: mimi ndiye mwenye mashine ya kusaga hapa Ushirombo. Niliishia darasa la pili. Walioishia la nane huja kwangu na debe la mahindi kichwani, wakapanga foleni. Mfukoni mwa shati hubeba kalamu tatu. Wasomi hubeba moja.

Alfajiri ya Jumamosi nilipanda lori la pamba, nikakaa mbele na dereva kama inavyonistahili, gunia tupu magotini kwa ajili ya vitu vya msomi wangu. Nilimsimulia dereva maisha yangu yote mpaka Kahama. Kijana mwenye bahati sana. "Mzee, nakusikia," alisema mara kadhaa, "nipo hapahapa ubavuni."

Kahama tulikunywa chai bila sukari. Siku zile sukari ilikuwa imekwenda kulijenga taifa mahali pengine.

Karibu na Tinde gurudumu likapasuka. Dereva alifungua nati, mimi nikasimamia. Bila mimi sijui kama tungefika.

Jioni nilishuka Shinyanga kwa dada yangu mkubwa, Mama Kulwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Gunia la nini?"

"La kubebea mwalimu."

"Masunga? Mtoto ni wa tatu darasani, wewe unakwenda kumtia kwenye gunia?"

"Wa tatu! Mimi Ushirombo ni wa ngapi?"

"Kwani Ushirombo mashine ziko ngapi?"

"Moja."

"Haya, kula ugali wako."

Jumapili saa nane mchana nilikuwa chuoni. Mkuu, bwana mmoja mwembamba mwenye kalamu moja, alinipokea vizuri.

"Kijana anasoma," alisema. "Ila walimu wenzangu wanasema mwalimu mchekeshaji hataheshimiwa. Tumebishana, tukachoka. Leo tumeamua wacheze kama ngoma za kwetu."

Hilo sikuhitaji kuelezwa. Usukumani mabingwa wawili huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, huyu huku na yule kule. Jaji hakuna. Anayebaki na watu ndiye mshindi.

"Atashindana na kwaya ya chuo. Akibaki na watu, kundi lake linabaki. Akiwakosa, tunalivunja leo."

"Vunjeni tu. Mimi naondoka naye vyovyote."

"Mwone kwanza, mzee."

Nikamwona. Alikuwa amejaza mto tumboni na kuchomeka vijiti vitatu mfukoni mwa shati. Akawa anamfokea mwenzake aliyesimama hatua moja tu mbele yake: "MIMI SIKUBEBWA NA MTU! DARASA LA PILI!" Msichana mmoja aliyejifunga khanga akamjibu, "Baba Masunga, mashine imezimwa tangu jana!"

Watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Sikuona cha kuchekesha. Halafu kwaya ikatoa ngoma kubwa, na watu wakaanza kuhamia huko, mmojammoja, mpaka Masunga akabaki na kama ishirini. Jasho lilikuwa linamtoka. Mimi nilikuwa na hasira zangu. Nikachukua gunia, nikakata uwanja katikati kwenda kumkamata.

Hapo ndipo nilipokosea. Mtu mzima akivuka uwanja wa ngoma na kitu mkononi, anakwenda kumtunza mchezaji, na watu humfuata waone zawadi. Nilisikia vigelegele nyuma yangu. Kugeuka, uwanja mzima unanifuata! Kwaya imebaki na mpiga ngoma wao.

"MASUNGA!" nikafoka.

"Mnasikia?" akawaambia watu. "Na hapa mashine haipo kabisa!"

Wengine walikaa chini kwa kicheko. Kisha akanisogelea, akaninong'oneza, na macho yake hayakuwa na mzaha: "Baba, umekuja kunichukua?"

Ningefanyaje? Watu wote walikuwa wanasubiri zawadi, na mimi si mtu wa kwenda mikono mitupu. Nikamvika gunia mabegani kama joho. Nikavitoa vile vijiti vyake, nikachomoa kalamu yangu moja, nikamchomeka mfukoni.

"Hisabati isishuke," nikamwambia.

Jumanne nilifika nyumbani na kalamu mbili. Mama Masunga alikuwa anafagia pumba kando ya mashine. Nikamweleza jinsi nilivyoshinda mashindano ya Shinyanga, peke yangu, dhidi ya kwaya nzima.

Akaegemea ufagio. "Baba Masunga, mbona unapiga kelele? Mashine imezimwa tangu jana."

Mama Masunga hakuwepo Shinyanga, wala hakuna aliyemsimulia. Hapo ndipo nilipocheka, siku mbili nyuma ya uwanja mzima, mpaka wateja wakaja kuchungulia. Nilikuwa nikidhani kijana ameanza kusoma alipokwenda chuoni. Kumbe alianza hapahapa kwenye mashine, na kitabu chake kilikuwa mimi. Sasa niambieni, wa tatu darasani, kwa kitabu kama hicho?