Wekundu wa Golrokh

Tahmine alikuwa mshonaji wa sare za shule mjini Rasht, Iran, mwanamke wa miaka hamsini na tatu ambaye hakuwahi kuolewa, mtu ambaye majirani wakisafiri humwachia funguo. Mambo ya kujiremba hakuyajua. Ndiyo maana asubuhi moja ya mvua, alipobisha hodi kwa jirani yake Bi Foruzan, msusi mstaafu, akaomba apakwe nywele rangi nyekundu, Bi Foruzan alidhani masikio yanamdanganya.

"Nyekundu ya hina?"

"Hapana. Ya komamanga. Ya kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara."

"We! Umepata mchumba nini, shoga? Au umerukwa na akili?"

"Ni kwa ajili ya mama."

Bi Foruzan akaacha kucheka.

Mama yake, Bi Saltanat, alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Hata Tahmine hakumtambua tena; alimwita "yule mwanamke wa jikoni." Mchana kutwa alikaa dirishani akimwulizia binti yake mdogo, Golrokh, mwenye nywele nyekundu, na sasa ilikuwa siku ya tatu hataki kula mpaka Golrokh arudi. Golrokh alikuwa kaburini mwaka wa thelathini na moja.

Wakaanza kazi bafuni kwa Tahmine. Bi Foruzan alimpaka mafuta mazito pembezoni mwa uso, akakoroga unga wa kuchujua weusi, akamfunga mfuko wa plastiki kichwani. Kichwa kikawasha kama kimemwagiwa pilipili.

"Vumilia. Nywele nyeusi haziachi weusi wake kwa hiari."

Nywele zikatoka na rangi ya kutu, kisha ya majani makavu. Ndipo ikapakwa nyekundu. Maji ya kusuuzia yalipotiririka kwenye vigae, Tahmine alifumba macho. Aliwahi kuyaona maji hayo, katika bafu hilihili.

Golrokh alikuwa na miaka kumi na tisa. Alijipaka mwenyewe, akatoka akiringa, akamwambia dadake, "Wewe utazeeka kabla ya mama." Neno la utani tu. Lakini lilimchoma Tahmine, naye jioni, akimmiminia baba chai, alimnong'oneza kuhusu kilichofichwa chini ya kitambaa cha kichwani cha Golrokh. Baba alichukua mkasi. Siku ya pili yake Golrokh alipanda basi kwenda kwa shangazi yao Tehran, kichwa kikiwa na vipara kama cha mgonjwa, na basi likapinduka milimani. Nyumba nzima ilionekana kuamini kwamba baba aligundua mwenyewe. Baba akafa bila kumtaja aliyemwambia.

Bi Foruzan alipofuta kioo, aliyetazama kutoka ndani yake hakuwa Tahmine.

Aliingia kwa mama na bakuli la supu. Bi Saltanat aligeuka, macho yakamjaa machozi.

"Umechelewa, mwanangu."

"Nimerudi, mama. Kula."

Akala. Kijiko baada ya kijiko, mkono mmoja ukizipapasa zile nywele mbichi. Halafu akasogea karibu, akashusha sauti.

"Dadako yupo?"

"Ametoka."

"Sikiliza. Najua ndiye aliyemwambia baba yenu. Nilikuwa mlangoni na sinia la sukari." Akamshika kidole. "Usimwambie kwamba najua. Hataweza kuishi nalo."

Tahmine aliweka bakuli chini. Miaka thelathini na moja walikula sahani moja.

"Na wewe una kinyongo naye?" mama aliuliza.

Tahmine alifungua kinywa. Kumjibia marehemu ni kumwibia mara ya pili.

"Sijui, mama," alisema. "Hajaniomba radhi."

Bi Saltanat aliishi wiki saba zaidi, akila vizuri, akimwita Tahmine kwa jina la Golrokh kila siku. Siri ile hakuirudia tena. Tahmine aliingoja kila asubuhi, kwa hofu na kwa hamu, mpaka siku alipomfumba mama macho.

Baada ya arobaini, Bi Foruzan alikuja na pakiti ya rangi nyeusi. "Mizizi imeshatoka mvi, shoga. Tuufute wekundu huu."

"Bado," Tahmine alisema.

Kwani kila akipita karibu na kioo bila kujiandaa, humwona mdogo wake akipita upande wa pili, kichwa kikiwaka. Hapo husimama na kusema, "Ni mimi niliyesema." Yule wa kwenye kioo husogeza midomo pamoja naye, na jibu haliji.